Maji Niliyoyamwaga Kimya

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa mbele ya safari. Wapo wanaoogopa nyoka na wapo wanaoogopa wachawi; mimi tangu utotoni namwogopa Mungu, na sisemi ule uchaji unaosifiwa kanisani. Nasema woga wenyewe, wa tumbo kukatika na viganja kutoka jasho.

Nadhani najua ulikoanzia. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Mapera, huku juu kwenye milima ya kahawa. Nilikuwa sijaanza shule mama alipojifungua mtoto wa kiume ambaye hakuimaliza siku. Baba alikuwa amekwenda kufundisha kigango cha mbali. Nyumbani walikuwepo watu wazima wasiopungua sita, wote Wakatoliki wa kuzaliwa, na hakuna aliyethubutu kummwagia mtoto maji kichwani, kila mmoja akiona hiyo ni kazi ya padri. Mtoto akafa bila ubatizo. Wanawake watatu walimzika nyuma ya migomba kwa jembe moja, bila kengele, bila msalaba, bila jina. Niliuliza sasa yuko wapi. Bibi mmoja wa jirani akaniambia yuko mahali ambapo si pabaya, ila Mungu haonekani. Mahali hapo palinitisha kuliko jehanamu, maana jehanamu angalau kuna wenzako. Kwa muda mrefu sikulala vizuri.

Baba aliporudi hakumgombeza mtu. Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, alileta boga kubwa, akaliweka juu ya mkeka, akatuita wote, wakubwa kwa wadogo, akatufundisha kubatiza. Alisema mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri yuko mbali, yeyote anaweza kumbatiza, hata mwanamke, hata mtoto mwenye akili zake, hata asiye Mkristo, ilimradi akusudie kile ambacho Kanisa linakusudia. Tukalibatiza boga lile kwa zamu, kila mmoja akimwaga maji na kusema maneno ya ubatizo yeye mwenyewe. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata mimi, alifanya vizuri kuliko sote, mkono umetulia na sauti inasikika mpaka uani. Jioni mama alipolipika boga, yeye alikataa kula, akasema hawezi kumla Mkristo mwenzake. Baba alicheka mpaka akatoka nje.

Nilihamia Mbinga mjini ile miaka ya ruksa, wakati kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia na mizani zao, mitumba ikamwagika sokoni, redio za kaseti zikalia kila kibanda. Dini nayo ikafunguliwa. Kabla ya hapo sisi tulijua parokia yetu huku juu na Waanglikana kule chini ziwani, basi. Sasa vikaja vipaza sauti uwanjani, vikundi vya sala kwenye vyumba vya kupanga, na Biblia ndogo za kutia mfukoni. Mimi nilikuwa nimepata kibarua cha kupima kahawa kwa mnunuzi mmoja, na jioni nikaanza kwenda kwenye kikundi kilichokutana nyuma ya mashine ya kusaga mahindi.

Aliyetuongoza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha kazi, mtu mpole, hapigi kelele kama wale wa uwanjani. Tulimwita Mwalimu. Alitupa kazi: kila mmoja aandike kwenye daftari mambo yote ya dini aliyoyakuta kwao, kisha atafute mstari wa Biblia kwa kila jambo. Lisilo na mstari likatwe. Alisema mapenzi yote ya Mungu kwa mwanadamu yamo ndani ya kitabu kile, hakuna yaliyobaki nje, na mwenye kuongeza neno juu yake ataongezewa mapigo. Kisha akatufungulia ukurasa wa mwisho, tukajisomea wenyewe.

Woga wangu ukapata pa kukaa. Wenzangu walivutwa na nyimbo. Mimi nilivutwa na majalada mawili ya kitabu kile. Kwa baba, mapenzi ya Mungu yalikuwa yametapakaa kila mahali, kwenye Biblia, kwenye barua za maaskofu, kwenye mapokeo ya watu waliokufa zamani, hata kwenye mazoea ya mabibi wa kigangoni. Mtu utajuaje kama hukulipita agizo moja bila kujua? Hapa palikuwa na kitabu chenye mwanzo na mwisho. Nikakata rozari, nikakata maji ya baraka, nikakata kuwaombea marehemu. Ubatizo wa watoto wachanga niliutafutia mstari wiki tatu nzima, kwa sababu nilikuwa namkumbuka yule wa nyuma ya migomba. Nilikuta nyumba nzima zimebatizwa, lakini hakuna mahali palipotajwa mtoto mchanga. Nikaukata kwa kalamu nyekundu, na kusema kweli nilisikia nafuu. Kama Mungu hakuuagiza, basi mdogo wetu yule hakukosa kitu.

Nikawa mtu asiyevumilika. Kila nilipokwenda nyumbani swali langu lilikuwa moja, imeandikwa wapi? Mama akipiga ishara ya msalaba kabla ya kuepua ugali, imeandikwa wapi? Jirani akileta nia ya misa ya mumewe aliyefariki, imeandikwa wapi? Mama alinizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha mtoto. Baba hakunizoea. Siku moja tulikuwa shambani tunalaza nyasi za ngolo, yale mashimo ya kwetu yanayozuia udongo usiporomoke mlimani. Wanaume hulaza nyasi kwa mistari inayokatana, wanawake huja kufukia. Baba akaniuliza ni nani aliyeandika namna ya kulaza nyasi. Nikasema hakuna. Akaniuliza kwa nini basi mlima wetu bado una udongo. Nikamjibu haraka, kwa kiburi cha mtu mwenye hoja, kwamba ngolo haimpeleki mtu mbinguni.

Hakubishana. Tulipokuwa tunapumzika akaniuliza jingine, taratibu: ile orodha ya vitabu vinavyofanya Biblia, imeandikwa katika kitabu gani cha Biblia? Swali hilo nililibeba mpaka mjini. Mwalimu alilifikiria kidogo, kisha akasema kitabu kile hujishuhudia chenyewe kwa mwenye kukisoma, na kwamba watu walioandika orodha walikitambua tu, si wao waliokipa mamlaka. Lilikuwa jibu zuri, nami nikaliandika kwenye daftari. Sijui hata leo kama lililimaliza swali la baba.

Mdogo wangu yule wa kike wakati huo alikuwa ameolewa chini ziwani, kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay, kwenye familia ya Kianglikana. Mumewe alikuwa mvuvi. Biashara zilipofunguka nami nikaanza kushuka kununua usipa, wale dagaa wa ziwa letu, nikawapandisha Mbinga wakiwa wakavu kwenye magunia. Nilikuwa nafikia kwake. Safari moja nilimkuta ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, na mumewe yuko kwenye kambi ya uvuvi ya mbali. Siku yangu ya pili pale, jua likiwa bado la saa nane, uchungu ukamshika.

Alizalishwa na mama mkwe wake. Mimi nilikaa nje, chini ya upenu, mahali pa mwanaume. Nilisikia kilio kimoja chembamba, nikashukuru, kisha sikusikia kingine. Baada ya muda mama mkwe akatoka anakaza kanga kiunoni. Akaniambia mtoto ni wa kiume, mdogo mno, hapumui sawasawa. Mganga wa zahanati alikuwa amesafiri. Padri wao alikuwa kwenye ziara ya makanisa ya mbali. Yeye alikuwa anakwenda barabarani kutafuta gari la kuwapeleka hospitali. Kabla ya kuondoka alinishika mkono.

"Wewe ni mtoto wa katekista," akasema. "Mambo yakiharibika unajua la kufanya."

Akaondoka mbio, mama mtu mzima yule, miguu peku kwenye mchanga wa moto. Hakujua lolote kuhusu daftari langu. Nilibaki nimesimama na nikaomba gari lipatikane upesi, si kwa ajili ya mtoto peke yake, bali nisije nikaitwa.

Nikaitwa. "Kaka," sauti ya mdogo wangu ikatoka ndani, "ingia."

Mwanaume haingii chumba cha mzazi, sembuse kaka wa tumbo moja. Niliingia macho chini. Yeye alikuwa amelala kwa ubavu kitandani, damu bado inamtoka, na alipojaribu kuinuka mikono haikumbeba. Mtoto alikuwa ng'ambo ya chumba karibu na jiko la mkaa, kwenye karai lililotandikwa kanga, ili apate joto. Kati yao hapakuwa na hatua nne, lakini mdogo wangu asingeweza kuzipiga. Nilimtazama mtoto. Hakuwa mkubwa kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na uso wake ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Mbatize," akasema. "Anakwenda."

Nikachota maji mtungini kwa kikombe cha bati. Nikamwinua mtoto kwa mkono wa kushoto kama tulivyofundishwa, na hapo woga ukanipata pande zote mbili kwa wakati mmoja. Nikisema yale maneno, naongeza. Najua maneno yenyewe yamo kitabuni, lakini yamo kwa ajili ya watu walioamini kwanza na kuingia majini kwa miguu yao. Kwa mtoto wa nusu saa hakuna aliyeyaandika. Nitakuwa nimelitumia jina la Mungu mahali ambapo hakunituma, na ule ukurasa wa mwisho nilikuwa nauona kama umefunguliwa mbele yangu. Nisiposema, kuna mahali pale ambapo si pabaya ila Mungu haonekani. Nilidhani mahali hapo nimepafuta kwa kalamu nyekundu. Palikuwepo, na mtoto niliyemshika alikuwa anaelekea huko.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Basi nikafanya kitu ambacho hakimo katika kitabu cha Mwalimu wala katika mafundisho ya baba. Nilimwaga maji mara tatu juu ya kile kichwa kidogo, na nikaichezesha midomo yangu. Sauti sikutoa. Hata moyoni sikusema neno. Niliwaza kwamba hivi mdogo wangu atafarijika, na Mungu hatakuwa na la kunidai, kwa sababu sikuongeza kitu. Nilitaka kuwaridhisha wote wawili kwa kikombe kimoja cha maji.

Mtoto alivuta pumzi kama nne hivi, akatulia mikononi mwangu.

Mama mkwe aliporudi na pikapu ya wanunuzi wa samaki yote yalikuwa yamekwisha. Alimtazama mtoto, akaona nywele zimelowa, akapiga magoti. Hakuniuliza kitu. Kesho yake mtoto alizikwa kwenye makaburi ya kanisa lao, na jina alilopewa na mama yake limeandikwa kwenye msalaba mdogo wa mbao, kengele inalia, wanawake wanaimba kwa Kinyasa. Mimi ndiye niliyebeba kijisanduku. Watu walinipa pole na wengine wakanishukuru, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea kwamba mjomba wa mtoto alikuwa na moyo wa kufanya linalopasa. Jasho lilinitoka mpaka shati likaganda mgongoni, nao wakadhani ni uchungu.

Nilipanda mlima na gari la mizigo nikafikisha habari nyumbani. Mama alilia. Baba akaenda chumbani akarudi na miwani, karatasi na kalamu. Alitaka kumpelekea paroko taarifa, ili mjukuu wake aandikwe kwenye kitabu cha wabatizwa. Akanikalisha mbele yake kama mwanafunzi wa komunyo. Aliuliza kama maji yaligusa kichwa na kutiririka. Nikasema ndiyo, na hilo lilikuwa kweli. Aliuliza kama maneno yalisemwa yote. Nikasema ndiyo. Kisha akaniuliza la tatu, bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Aliyemwaga ndiye aliyesema? Maana wawili wakigawana, huyu maji, yule maneno, Kanisa halihesabu."

"Ndiye, baba. Nilisema mimi."

Akaandika. Alipomaliza alivua miwani, akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, mimi mwanaume mwenye ndevu. "Nilidhani tumekupoteza," akasema. Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli, na nasema wazi kwamba sikuusema kwa sababu kile kiganja kilikuwa kizuri mno. Wiki iliyofuata taarifa ikaenda parokiani. Mimi niliyezunguka kijiji kizima nikiuliza kila kitu kimeandikwa wapi, sasa kulikuwa na jambo langu limeandikwa, kwa wino, kwa mwandiko wa baba, na halikutokea.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamweleza yote. Nilitegemea anisifu angalau kwa kutoongeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisiwe na shaka juu ya mtoto, Mungu hautundiki wokovu wa mtoto kwenye kikombe cha maji. Kisha akaniuliza kama nilisali wakati mtoto anakata roho. Nikasema hapana. Akaniuliza ni mstari gani ulionikataza kusali. Akasema si kitabu kilichonifunga mdomo, ni woga wangu, na nisimsingizie Mungu. Halafu akaniagiza nirudi nikawaambie ukweli baba na mdogo wangu, kwa kuwa katika suala la kusema uongo kitabu chake na Kanisa la baba havina ugomvi.

Alikuwa sahihi kwa kila neno, na ndiyo maana sikurudi tena kwenye kikundi. Watu walisema nimeshindwa kwa hoja. Hakuna hoja iliyonishinda. Sikuweza kukaa mbele ya mtu anayejua. Nikarudi kanisani kwa baba, nikakaa viti vya nyuma, nikiwa na Biblia yangu ndogo mfukoni, simo huku wala kule.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na moja. Mwezi wa kwanza nilipata jipu kwenye kidole cha mkono uliomwaga maji, nikajua mapigo yameanza, nikaandaa hadi wosia. Lilipasuka likapona kama jipu lolote. Nilipaswa kucheka lakini niliendelea kungoja jingine. Mdogo wangu akapata watoto wengine, wanne, wote hai. Kila alipopanda kuja kutusalimia nilitafuta safari. Nikishindwa kumkwepa, kila mara alinisalimia vizuri, "Shikamoo kaka," akanipa mtoto nimpakate, nami nikampakata.

Baba alipougua mara ya mwisho nilimwuguza mimi. Siku moja asubuhi nikimlisha uji aliniambia haogopi kufa. Wazazi wake wako huko, akasema, na kuna mjukuu wake ambaye hajamwona, anataka akamwone. Aliniangalia kwa shukrani. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama anataka maji. Akafariki baada ya siku tatu, na mimi nikaanza kuogopa jambo jipya: kwamba sasa amekwenda, ametafuta, na amejua.

Mdogo wangu alibaki nyumbani baada ya mazishi kumsaidia mama. Ilikuwa msimu wa kahawa. Siku ya nne au ya tano tulikaa uani, mimi na yeye, tunachambua kahawa iliyokauka, tunatoa zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mama alikuwa amelala ndani. Nikaona kwamba nikingoja siku nyingine nitakufa na siri yangu. Nikamwambia kuna jambo kuhusu mtoto wake wa kwanza. Mikono yake haikusimama.

"Najua," akasema. "Hukusema."

Akaendelea kuchambua, na akanieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza bei ya sabuni. Siku ile alikuwa ananitazama mdomo. Anaijua midomo yangu toka utotoni, nikisema kweli na nikidanganya, akaona inacheza bila pumzi kutoka. Maji yalikuwa yanaanguka. Hakuwa na nguvu ya kufika na hakuwa na muda wa kunibembeleza. Akayasema yeye yale maneno, yote, kwa kunong'ona ili nisimsikie, kwa sababu aliogopa nikisikia nitashtuka niache kumwaga.

Nikamwuliza kama baba aliwahi kujua. Akasema baba alipokwenda ziwani kutoa pole alimwuliza kando kama alinisikia nikisema maneno yote. Akamjibu alinisikia. Kumbe lile lililoandikwa parokiani lilisimama juu ya waongo wawili, tuliofundishwa siku moja na boga moja.

"Niliijua ile sheria yake," akasema. "Wawili wakigawana haihesabiki. Nimekuwa nayo kifuani tangu siku ile."

Miaka yote ile nilidhani ninaogopa peke yangu. Nilitaka kumwomba msamaha lakini hakunipa nafasi, alikuwa bado na lake. Akasema hawa wanne waliofuata, kila mmoja alipozaliwa, aliagiza kikombe cha maji kiwekwe karibu na mto wake wa kulalia kabla ya uchungu kukaza, na kabla kitovu hakijakatwa alimbatiza kwa mkono wake na kwa mdomo wake, akiwa yeye mwenyewe hajajua kama atapona. Hakumwambia mumewe wala mama mkwe; aliyekuwepo alidhani anampangusa mtoto. Kisha aliwapeleka kanisani kama watu wote, padri akauliza kama mtoto alishabatizwa, naye akajibu bado, akijua kwamba ubatizo ni mmoja na hapo anakosa tena. Nikamwuliza kwa nini alifanya hivyo kwa watoto wazima wenye afya.

"Sikumwamini mtu tena," akasema.

Hakulisema kwa hasira. Nafuu angekuwa na hasira. Alipepeta kahawa kwenye ungo, akatupa uchafu, akasema hao wanne hana wasiwasi nao. Ni yule wa kwanza tu ambaye hajui aliko. Nikamwambia upesi kwamba yuko salama.

Akaweka ungo chini. "Unajua, kaka, au unaninyamazisha kama siku ile?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya naye. Nilikuwa na kitabu cha Mwalimu, kinachosema habari za Mungu mwenye huruma lakini hakimtaji mtoto wa nusu saa. Nilikuwa na sheria ya baba, inayosema haikuhesabiwa. Nilikuwa nimewasikia mapadri wa siku za karibuni wakisema kwamba watoto kama wale tunawaachia huruma ya Mungu, na lile la mahali asipoonekana Mungu hawalisemi tena kama zamani. Vyote nilivikusanya na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukifungua, nikaweka kidole, nikamwambia mama yake, soma hapa.

"Sijui," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Nadhani ndilo jibu alilokuwa amelingoja, na sikuona kama limemwumiza. "Basi mwombee," akaniambia. "Kwa sauti, nisikie."

Woga ukarudi wote kama siku ile, mpaka viganja vikalowa, kahawa ikanishika vidoleni. Kuwaombea marehemu nilikukata mwenyewe kwa kalamu, na sala za baba za mazishi sikuzikumbuka kwa mpangilio wake. Sikuwa na karatasi wala kitabu mkononi. Nikaanza kwa Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, ambayo sijawahi kusoma kwayo hata mstari mmoja wa Maandiko. Nilimtaja mtoto kwa jina lake. Nilimwambia Mungu kwamba siku ile nilikuwepo na nilinyamaza, na kwamba aliyesema ni mama yake. Sauti yangu ilikatika mara mbili nikairudisha. Mdogo wangu alikuwa ameacha kahawa, ananitazama mdomo, na hakuondoa macho mpaka nilipomaliza.